Ukuta wa Kitanda cha Tatu

Kabla hajawaona wenye chumba, Umuhoza aliuona mstari wa chaki. Ulianzia kizingitini, ukapita katikati ya sakafu ya saruji umenyooka kama kamba ya fundi mwashi, ukaenda kugota kwenye ukuta wa mwisho. Aliyeuchora alikuwa na hasira, maana mahali fulani chaki ilivunjika na vipande vyake vilikuwa bado vimelala pale pale. Kushoto kwa mstari kulikuwa na kitanda kimoja, kulia kitanda kimoja. Kitanda cha tatu kililetwa jana yake, kikalazwa kando ya ukuta wa mwisho kwa kukosa mahali pengine, na mstari ulipita chini ya tumbo lake.

"Hapo uliposimama ni Kampala," sauti ilisema kutoka kulia. "Ukitaka kukaa, karibu. Ukitaka kwenda Bujumbura, ruka."

"Usimsikilize, sheri wangu," ilisema sauti ya kushoto. "Huyo atakutoza ushuru hata wa hewa."

Umuhoza alisimama mguu mmoja huku na mmoja kule, kifurushi kifuani, akasema kwa sauti ndogo, "Hamjambo." Kisha akaona amesema mengi, akanyamaza.

Ilikuwa Novemba ya mwaka tisini na nne. Chuo hicho cha ukarani, kwenye mteremko wa Niboye, kilikuwa na wiki tatu tu tangu kifungue milango, nusu ya madirisha yakiwa na vioo na nusu yakiwa na turubai la bluu la msaada. Watu walikuwa wakirudi Kigali kutoka kila upande, na kila mmoja alirudi na nchi ya jirani mfukoni. Wa kulia aliitwa Jovia, mtoto wa Kampala. Wa kushoto aliitwa Christella, mtoto wa Bujumbura. Wote wawili walikuwa Wanyarwanda kindakindaki, na wote wawili hawakuwahi kukanyaga Rwanda hadi Agosti ya mwaka huo. Kila mmoja aliona Kinyarwanda chake ndicho chenyewe na cha mwenzake ni kichekesho. Kwa hiyo ugomvi ulipopamba moto walihamia Kiswahili, kwa sababu Kiswahili kila mmoja alikiokota mtaani kwake na hakuna aliyekuwa na cha kujivunia.

Umuhoza yeye alitoka Karagwe, Tanzania, alikozaliwa na kuchunga. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Shule aliishia darasa la nne, mwaka ule ng'ombe walipoongezeka na watoto wa kuwachunga wakapungua. Walirudi na lori la baba yake mdogo, Mugenzi, wakafikia Masaka, nje kidogo ya Kigali, kwenye nyumba ya vyumba vitatu yenye watu kumi na wanane, na ndama wawili ambao usiku hawakukubali kulala nje. Mugenzi aliposikia chuo kimefunguliwa akaandika barua: "Nawaletea msichana wa kufagia. Ni mtoto wa kaka yangu, ni mtulivu, hali sana."

Barua ilitangulia. Umuhoza akafuata kesho yake, na hapo ndipo mambo yalipopinda. Sajenti mmoja aliyekuwa jirani yao Karagwe alimkuta barabarani, akampakia kwenye gari la jeshi, akamshusha mbele kabisa ya lango la chuo, tena akampigia saluti kwa mzaha. Karani wa chuo, Audace, alikuwa ameketi kwenye meza chini ya paa la kibaraza akiandikisha wanafunzi. Aliona gari, aliona saluti, mzaha hakuuona. Akasimama.

"Karibu, dada. Jina?"

"Umuhoza."

"Cheti?"

Umuhoza alitazama meza. Alikuwa akitafuta namna ya kusema kwamba wa kufagia haulizwi cheti, lakini maneno yake yalikuwa na kawaida ya kufika yakiwa yamechelewa, kama mgeni wa mbali.

"Kiliungua?" Audace aliuliza. Kimya. "Kilibaki kule?" Kimya. "Basi, dada, tunaelewa. Usijiumize."

Na kweli alielewa, maana katika chuo kizima hapakuwa na cheti hata kimoja. Kila msichana alikuwa na cheti kizuri ajabu, ila kilibaki Kampala, au kilibaki Bujumbura, au kiliibiwa mpakani na mtu asiyejua kusoma. Audace alishajifunza kuandikisha kwa macho: alitazama viatu, alitazama aliyekuleta, akaandika. Umuhoza akaandikwa mwanafunzi, kitanda cha tatu, chumba namba saba. Akapewa ufunguo. Kufikia wakati maneno yake yalipowasili, alikuwa ameshafika kwenye mstari wa chaki.

Angeweza kurudi mezani kusema. Alikusudia kurudi. Lakini kwanza alikaa kitandani kupumzisha miguu, na godoro la sponji likamshusha polepole likamshika. Hakuwahi kulala kitandani peke yake tangu azaliwe. Akasema atarudi baada ya chakula. Baada ya chakula akasema kesho.

Kesho yake aliingia darasani, akagundua kwamba hapo hakuna wa kumgundua. Jumatatu na Jumatano mwalimu wa Bujumbura alifundisha kwa Kifaransa, na waliotoka Kampala waliandika chochote kilichowajia. Jumanne na Alhamisi mwalimu wa Kampala alifundisha kwa Kiingereza, na wa Bujumbura wakafuma vitambaa chini ya dawati. Siku zote nne nusu ya darasa haikuelewa, na nusu hiyo ilitikisa vichwa kwa busara. Umuhoza alitikisa kichwa siku zote nne. Taipureta zilikuwa tisa na wasichana arobaini. Zamu yake ilipofika alimwachia aliye nyuma yake, na watu wakasema, "Tazama malezi hayo! Hata kugombania hagombanii."

Kwani ndivyo lilivyoenea neno. Audace aliona gari la jeshi. Jioni gari likawa la meja. Asubuhi meja akawa baba yake. Na kwa nini binti huyo hasemi? Wanyarwanda hawahitaji kuelezwa jambo hilo, hata waliozaliwa ng'ambo wamelishwa na bibi zao. Msichana wa nyumba kubwa hapayuki. Hasifu kitu upesi kama mtu ambaye hajawahi kukiona, hajibu swali la kwanza, hacheki na meno yote. Umuhoza alitimiza yote hayo bila kujua, kwa woga mtupu.

Chumba namba saba kilikuwa na vita vyake. Christella aliamini kwamba chumba ni moyo wa mtu. Upande wake ulifunikwa vitambaa vya kufuma: juu ya kisanduku kitambaa, juu ya jerikeni la maji kitambaa, juu ya kiti ambacho kilikuwa kreti ya bia, vitambaa viwili. Alikuwa na maua ya plastiki, na pazia alilolishona kwa chandarua. Sokoni alinunua fremu ya picha. Siku zile sokoni kulijaa vitu vilivyopoteza wenyewe. Ndani ya fremu walikuwemo maharusi wasiojulikana, wamesimama mbele ya kanisa wakilikunjia jua uso. Christella aliitoa picha kwa heshima, akaigeuza kifudifudi, akairudisha ndani na kubandika juu yake mlima wenye theluji alioukata kwenye kalenda.

"Hiyo ndiyo mimi," alisema akirudi nyuma kuitazama. "Baridi, halafu safi."

Jovia aliamini kwamba chumba ni kichwa cha mtu. Alibandika ramani ya Afrika, ratiba yake ya masomo aliyoipaka rangi tatu, na picha kumi na moja za wanamuziki walionyoa viduku. Alikuwa na redio isiyo na betri na saa ya ukutani iliyosimama saa nne na dakika tano.

"Yoo, hiyo saa itakufa lini uizike?" Christella aliuliza.

"Saa hii inaonyesha mara mbili kwa siku sawasawa. Vitambaa vyako vinaonyesha nini?"

"Vinaonyesha kwamba nina mama."

"Mama wa jerikeni!"

Kila mmoja alikuwa ameujaza upande wake, na sasa kila mmoja aliutazama ukuta wa mwisho, ukuta wa kitanda cha tatu, ambao haukuwa na kitu. Mstari wa chaki uliishia chini yake na haukupanda juu. Kisheria haukuwa wa yeyote ila Umuhoza.

"Umuhoza, mpenzi," Jovia alianza siku moja, amesimama vizuri ndani ya Kampala. "Ukuta wako uko uchi. Nikupe ramani?"

Umuhoza aliutazama ukuta. Alitaka kusema kwamba hana cha kutundika, kwamba kifurushi chake kina gauni moja, kitenge kimoja na sabuni. "Hmm," alisema.

Jovia alitoka nje akiwa amenyong'onyea. "Kasema 'hmm'," aliwaambia wa chumba namba nane. "Ramani imemchukiza. Na kweli, ukiitazama, ina kelele."

Siku ile ile Christella alimfumania Umuhoza akiyakodolea macho maua ya plastiki. Umuhoza alikuwa akistaajabu: maua yasiyoomba maji! Hakuwahi kuona kitu kizuri namna ile. Christella alivumilia macho hayo kwa dakika tatu, kisha akayang'oa maua akayasukumia chini ya kitanda.

"Najua, najua," alisema, masikio yamemwiva. "Ni ya kishamba. Nilipewa tu na shangazi."

Kufikia mwisho wa juma, picha sita za viduku zilishashuka, na jerikeni lilibaki bila nguo. Watu wa vyumba vingine walikuja kuchungulia ukuta mtupu. "Hana haja ya kujionyesha," walinong'ona. "Mtu akiwa nacho, hatundiki."

Asiyekuwa nacho alilala chini ya ukuta huo akihesabu siku, maana mwalimu alikuwa ametangaza jaribio. Mwisho wa Desemba kila mmoja angeketi mbele ya mashine na kupiga taipu barua nzima, na asiyeweza angekabidhi ufunguo. Hilo Umuhoza alilielewa vizuri, kwa sababu mwalimu alilirudia kwa lugha zote. Kukabidhi ufunguo kulimaanisha kurudi Masaka, kwa watu kumi na wanane na ndama.

Akapata wazo. Alikata upande mmoja wa boksi la biskuti za msaada. Darasani, alipomwachia mwenzake zamu, alisimama kando na kuzikariri herufi mstari kwa mstari. Chumbani alizichora kwa makaa kwenye boksi, kila herufi ndani ya duara lake. Kisha akalitundika ukutani, usawa wa mtu aliyeketi kitandani, na wenzake walipokwenda kuteka maji alifanyisha mazoezi vidole vyake vinene vya kukamulia.

Siku ya tatu ya mazoezi mfagiaji aliingia. Alikuwa mwanamke wa miaka kama ishirini na mitatu, amejifunga kitambaa kichwani, na aliitwa Kabagwira. Zaidi ya jina, bweni halikujua lolote. Kabagwira hakurudi kutoka popote. Alikuwa mtu wa humu humu. Mwezi wa Aprili alikuwepo. Na waliorudi waliwaogopa waliokuwepo. Ukimwuliza mmoja wao habari za nyumbani, anaweza kukujibu.

Alifagia kutoka Bujumbura kuelekea Kampala bila kuudhuru mstari. Alipofika kitanda cha tatu, aliinama, akafagia chini yake, na akiwa bado ameinama akasema:

"M si ya hapo."

Umuhoza aliondoa vidole kama aliyeungua.

"Mstari wako wa juu ni wa mashine za hapa, za Kifaransa," Kabagwira alisema. "Wa chini umeutoa kwenye mashine zilizoletwa na watu wa Kampala. Ukijifunza hivyo utaandika barua ambayo haijatokea duniani. Kwenye za hapa M iko mstari wa kati, mkono wa kulia, baada ya L. Leta makaa."

Alirekebisha herufi nne. Kisha, kwa kuwa mkono ulikuwa umeshafika pale, aliweka vidole vyake vyote juu ya boksi. Vilikimbia. Havikutafuta kitu, vilijua, kama watoto wanavyojua njia ya kisimani. Boksi lilitoa mlio mdogo wa mvua ikianza.

"Umeandika nini?" Umuhoza aliuliza. Lilikuwa swali lake la kwanza tangu afike.

"'Bwana Mkurugenzi, nina heshima ya kukuarifu.' Kila barua inaanza hivyo. Nilisoma ukarani miaka mitatu. Nilimaliza."

"Na kwa nini unafagia?"

Kabagwira aliokota ufagio. Hakuonyesha hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Nilikuja siku uliyokuja wewe. Kwa miguu, na viatu vya kuazima. Nilisimama nyuma yako pale mezani. Nilisema jina langu, nikasema nimemaliza mwaka wa tatu, cheti changu kiko ndani ya nyumba ambayo haipo. Karani alikuwa bado analitazama gari lako linavyogeuza. Akasema, 'Wewe ndiye wa Masaka, wa kufagia? Ufagio uko pale.' Mimi Masaka sina mtu." Alikung'uta vumbi kizingitini. "Kusema nilisema, mara moja. Sikuwa na nguvu ya mara ya pili. Na kazi ya kufagia ina pa kulala, stoo."

Alisubiri kidogo, kana kwamba kuna jambo ambalo Umuhoza angepaswa kulisema. Umuhoza alitazama sakafu. Kabagwira akaenda chumba namba nane.

Tangu siku hiyo godoro halikumshika tena Umuhoza vilevile. Kila asubuhi Kabagwira aliingia, akafagia, akasahihisha kidole kimoja au viwili, akatoka. Hakulirudia lile jambo.

Lakini boksi nalo halikukaa bila kuonekana.

"Yoo!" Christella alishika mashavu. "Hatimaye ametundika!"

Waliketi yeye na Jovia kwenye mpaka, wakalitazama boksi kwa muda mrefu kuliko walivyowahi kukitazama kitabu.

"Herufi zisizofanya neno," Christella alisema polepole. "Ni sisi hao. Tumetawanyika, kila mmoja ndani ya duara lake."

"Sio. Ni maendeleo. Makaa ni kijiji, mashine ni mji."

"Makaa! Angeweza kununua rangi, baba yake meja, akachagua makaa."

"Na boksi la msaada, jamani banange. Boksi la msaada!"

"Umuhoza, ndivyo ulivyokusudia?"

"Hmm," alisema Umuhoza.

Kabla ya juma kwisha Christella alikuwa anadarizi taipureta nzima kwenye shuka, kwa mpangilio wa Kifaransa, na Jovia alikuwa anaipaka ukutani kwa rangi ya bluu, kwa mpangilio wa Kiingereza. Namba nane walizichora zao kwenye majani ya mgomba yaliyokaushwa. Namba kumi na moja walitumia maharage, wakayagundisha kwa ugali, na panya wakala kuanzia A. Vyumba kumi na vinne vilitapakaa herufi, na hakuna aliyepiga taipu vizuri zaidi kuliko jana.

Habari zilimfikia mkurugenzi wa chuo, Bwana Mutsinzi. Alikuwa mtu mchangamfu aliyependa kuanzisha vitu, hasa vitu visivyohitaji umeme. Akatangaza Jumapili ya Vyumba. Kila chumba kipambwe kionyeshe tabia ya wenyewe. Mgeni wa heshima kutoka wizarani atapita. Na msichana ambaye tabia yake itampendeza mgeni ataanza kazi ofisini kwake Jumatatu, kwenye meza yenye mashine.

Jumapili hiyo mvua ilinyesha tangu misa. Matope ya Niboye yalipanda ngazi pamoja na watu, na Kabagwira aliwekwa kwenye mlango wa kila chumba na ndoo na tambara, awafute wageni viatu kabla hawajaingia. Mgeni wa heshima aliitwa Madamu Claudette. Alikuwa mama mfupi, mchovu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alipofika namba saba alikuwa ameshaona vyumba sita vya herufi.

"Bwana Mutsinzi," alisema huku akinyoosha mguu ufutwe, "hiki ni chuo au ni duka la mashine?"

"Ni mtindo, Madamu! Na hapa ndipo ulipozaliwa." Mkurugenzi aliuvuka mstari wa chaki bila kuuona. Nyuma yake aliingia Audace na daftari. "Mwanzilishi ni huyu. Umuhoza. Ametoka katika familia... Madamu atanielewa."

Umuhoza alisimama kando ya kitanda chake, mikono nyuma. Madamu Claudette alilisogelea boksi la makaa, akalitazama kupitia miwani, kisha akamtazama yeye.

"Lina maana gani hili, binti?"

"Ni kutawanyika kwetu, Madamu," Christella alijibu.

"Ni maendeleo," Jovia alijibu.

"Nimemwuliza yeye."

Umuhoza aliinamisha macho kwenye mstari wa chaki. Mkurugenzi alicheka kidogo.

"Ndivyo alivyo, Madamu. Waliolelewa vizuri hawakimbilii kusema."

"Hilo nimelipenda," Madamu Claudette alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akaketi, akaketi kitandani kwa Umuhoza bila kuomba. "Ofisini kwangu kila mtu anasema. Wa Kifaransa wanasema, wa Kiingereza wanasema, na barua za tangu Agosti zimelala mezani hazijajibiwa. Watu wanauliza habari za watu wao, Bwana Mutsinzi. Mama anaandika kumtafuta mtoto, na barua yake inangoja mtu wa kuipiga taipu. Nahitaji mtu wa kunyamaza na kuandika. Anajua mashine, huyu?"

"Madamu! Mwanzilishi wa mtindo?"

"Anaijua kama Baba Yetu," alisema Jovia.

"Hata mashineni anawaachia wengine kwa sababu anaijua," alisema Christella, na hapo Bujumbura na Kampala wakashikana mikono juu ya mpaka kwa mara ya kwanza.

"Basi Jumatatu saa moja na nusu. Karani, andika."

Audace alifungua daftari. Umuhoza hakutakiwa kufanya lolote. Kazi yake ilikuwa ile ile aliyoifanya tangu siku ya kwanza. Kimya kilimpa kitanda, kikampa godoro na baba meja, na sasa kilikuwa kinampa meza wizarani. Angalau kingempa siku moja au mbili za kukalia kiti mpaka mashine yenyewe imwumbue. Akiharibu sasa, ufunguo ungerudi kwa Audace jioni hii hii, na mvua ilikuwa inanyesha mpaka Masaka.

Alimtazama mtu pekee chumbani aliyekuwa hamtazami. Kabagwira alikuwa amepiga magoti kizingitini, tambara limelala begani. Mikono yake ilishika ukingo wa ndoo, na kila Madamu Claudette alipozungumza vidole vyake vilitembea kwenye ukingo ule, kimyakimya, kulia na kushoto. Alikuwa akizipiga taipu zile barua.

"Madamu," Umuhoza alisema.

Ilitoka kubwa kuliko alivyotarajia. Christella alishtuka. Maneno, ambayo siku zote yalichelewa, leo yalikuwa yamefika yote kwa pamoja, yakasukumana mlangoni.

"Hilo boksi ni la kujifunzia. Sijui kupiga taipu. Baba yangu hakuwa meja, alikuwa mchungaji wa ng'ombe, na alikufa Karagwe. Niliishia darasa la nne."

"Anatania," mkurugenzi alisema. "Ni unyenyekevu, Madamu, ni..."

"Mimi ndiye wa Masaka." Alimgeukia Audace, ambaye kalamu yake ilikuwa imesimama hewani. "Barua ya baba mdogo ilikuwa inanihusu mimi. Ufagio ulikuwa wangu. Anayejua mashine ni huyu anayewafuta viatu. Amemaliza mwaka wa tatu. Alikueleza siku ile, wewe unatazama gari." Lakini lilikuwa limebaki neno moja, lile alilolilalia juu ya sponji kila usiku na ambalo Kabagwira alisimama akilingoja na ufagio mkononi. Akamgeukia. "Na mimi nilikuwa nimesimama mbele yako, hatua moja. Nilikusikia, Kabagwira. Nilisikia kila neno, nikachukua ufunguo bila hata kugeuka."